ZIBA TUNDU LA PANYA, USIZIBE TUNDU LA HEWA

Mwaka huu nimeamua kuwaachia wenzangu mashairi na vitendawili, nami niandike juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaishi nalo lakini tunaona haya kulitaja. Jambo lenyewe ni panya. Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeitumia katika insha tangu nikiwa darasa la nne, mara nyingine nikiichomeka tu ili nipate alama. Sikujua kwamba siku moja nitaifanya kazi kwa mikono yangu, na kwamba nikiifanya vibaya itataka kututoa roho.

Nyumba yetu iko upande wa Riruta. Kuta zake ni za mawe na paa ni la mabati yenye mwinuko mkubwa. Kwa kuwa sisi ni wengi na vyumba ni viwili, baba aligongomea mbao juu ya boriti, akaweka ngazi, na pale darini pakawa chumba chetu mimi na ndugu yangu mdogo wa miaka saba. Ndipo tunapolala na ndipo ninaposomea. Ni mahali pazuri, ila mvua ikinyesha husikii hata sauti yako mwenyewe, na mwezi wa Julai baridi hupenya kama sindano.

PANYA WALIVYOHAMIA KWETU

Mambo yalianza muhula wa pili. Usiku tukizima taa tulisikia kwaru kwaru kwenye kona ya paa, kisha mbio za miguu midogo juu ya boriti. Mwanzoni tulicheka. Baadaye nikaanza kukuta vinyesi vidogo vyeusi mithili ya punje za mchele juu ya vitabu vyangu. Asubuhi moja nilifungua daftari la Kiswahili nikakuta insha niliyotakiwa kuisalimisha siku hiyohiyo imeliwa pembe nzima. Nilipomwambia mwalimu kuwa panya amekula insha, darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu naye alitaka kujua panya huyo alipata alama ngapi.

Nyumbani tukaamua kupigana. Tulijaribu njia tatu, na zote tatu zilitushinda. Nitazieleza kwa sababu najua hata wewe msomaji umezijaribu.

Njia ya kwanza ilikuwa sumu. Ukishuka matatu mjini, hasa ukielekea upande wa River Road, huwezi kukosa kumsikia mchuuzi aliyerekodi sauti yake kwenye kipaza sauti: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, mchana kutwa bila kupumzika. Baba alinunua kifurushi kisichokuwa na jina wala maelezo. Tulinyunyiza darini. Baada ya siku chache panya wawili watatu walikufa, lakini walifia ndani, nyuma ya mbao ambako mkono haufiki. Lo! Harufu ile ilitufukuza tukalala sebuleni wiki nzima. Kibaya zaidi, mama alimkuta mtoto wa jirani aliyekuja kucheza ameshika punje za sumu zilizodondoka kupitia nyufa za mbao. Nashukuru Mungu hakuwa ameziweka mdomoni. Siku hiyo mama alikusanya sumu yote na akasema hataki kuiona tena.

Njia ya pili ilikuwa paka. Tulimwazima paka wa nyanya, hodari kwelikweli. Usiku wa kwanza alikamata mmoja. Usiku wa pili alikamata mmoja. Usiku wa tatu akalala juu ya blanketi langu huku panya wakipita ndani ya mikunjo ya mabati ambamo paka haingii hata akijikunja namna gani. Isitoshe, kila alipomla mmoja, wengine wawili waliingia kutoka nje.

Njia ya tatu nilibuni mimi mwenyewe, nayo ndiyo sababu hasa ya kuandika makala haya.

USIKU WA JIKO

Jumapili moja ya mwezi wa Julai nilikusanya matambara, magazeti makuukuu na karatasi za nailoni. Nilipanda darini nikaziba kila mwanya niliouona. Katika ukuta wa pembetatu unaoshika paa, kila upande mna matundu ya hewa. Nikayaziba. Chini, juu ya dirisha la sebuleni, mna matundu mengine. Nayo nikayaziba. Nilipomaliza nilijiona fundi mkuu. Chumba kilipata joto na hata ndugu yangu alinisifu.

Usiku ule baridi ilikuwa kali. Mama alipomaliza kupika, aliacha jiko la makaa sebuleni ili nyumba ipate joto kidogo. Hakuwa na wasiwasi, kwani moshi ulikuwa umekwisha na makaa yalikuwa mekundu tu. Usiku wa manane ndugu yangu aliamka akilia kuwa kichwa kinampasuka, kisha akatapika. Nilitaka kuinuka nimshike lakini miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nilimwita baba kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia ikitoka mbali. Baba alipanda ngazi mbiombio, akatubeba mmoja mmoja, akatutoa nje kwenye baridi, akafungua milango na madirisha yote.

Tulipofika zahanati, muuguzi hakuuliza tulikula nini. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mlilala na jiko?" Mama aliinama. Lakini mimi ndiye niliyejua kuwa makosa hayakuwa ya mama peke yake. Jiko lile tumekuwa tukiliacha ndani miaka yote. Matambara ndiyo yalikuwa mageni.

Baadaye nilimwuliza mwalimu wetu wa Kemia, naye akanieleza. Makaa yanapowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inaacha kubeba oksijeni. Mtu huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, na akiwa usingizini anaweza kufa bila kuamka. Hewa yenye joto hupanda juu, nayo huibeba gesi hiyo. Kwa hivyo anayelala darini huipata haraka. Tangu siku hiyo jiko letu huzimwa au hulala nje, hata baridi iwe kali vipi. Hili nakuomba ulishike hata kama utasahau mengine yote: matundu ya hewa yakiwa wazi bado haifai kulala na jiko, seuze yakiwa yamezibwa.

Je, na panya? Kumbe walikuwa wameyatafuna matambara yangu tangu usiku wa kwanza, wakapata na pamba ya kutandika viota vyao!

FUNDI ANAFUNGUA DARASA

Jirani yetu mmoja ni mzee fundi wa mabati. Aliposikia yaliyotupata alikuja akapanda ngazi, akatazama kazi yangu, akatikisa kichwa.

"Kijana wangu," akasema, "umeziba pua yako ukauacha mlango wa panya wazi."

"Sasa tufanyeje, mzee?" nikauliza.

"Kwanza ujue panya ni nani. Pili ujue anapita wapi. Tatu ndio ushike nyundo. Nyinyi vijana mnaanza na nyundo."

Basi hebu nasi tufuate utaratibu wa mzee.

PANYA NI NANI?

Panya wanaosumbua majumbani ni wa aina mbili hasa. Kuna panya mdogo wa nyumbani, ambaye ana uzito wa gramu 20 hivi, na kuna panya mweusi wa paani, ambaye ni mkubwa zaidi na ni hodari wa kupanda. Wote hutembea usiku, na huona vibaya. Hujiongoza kwa masharubu na kwa harufu, ndiyo maana hupenda kupita wakigusa ukuta badala ya kukatiza katikati ya chumba.

Panya mdogo hubeba mimba kwa muda wa siku 20 hivi, kisha huzaa watoto watano hadi wanane. Watoto hao nao wakifika majuma sita wanaweza kuanza kuzaliana. Sasa piga hesabu mwenyewe, maana ni kazi bure kuua watatu wakati nje kuna ukoo mzima unaongoja nafasi.

Meno yao ya mbele hayaachi kukua. Hivyo ni lazima watafune vitu vigumu ili kuyapunguza: mbao, sabuni, plastiki, hata nyaya za stima. Waya ukiliwa ngozi yake ya juu unaweza kutoa cheche na kuunguza nyumba, na darini ndipo nyaya nyingi zinapopita.

Jambo la ajabu kuliko yote ni wembamba wao. Mzee aliniomba kalamu ya risasi nikampa. Akaisukuma kwenye mwanya mmoja kati ya ukuta na ubao, ikapita. "Hapa," akasema, "panya mdogo anapita." Sikuamini. Lakini ndivyo ilivyo: mwanya wa milimita 6 tu unamtosha panya mdogo, kwani kichwa kikishapita mwili wote hufuata. Panya mkubwa anahitaji mwanya wa unene wa kidole gumba. Kwa hiyo kipimo chetu sisi wanafunzi tunatembea nacho mfukoni kila siku. Panapopita kalamu ya risasi, pazibwe.

ANAPITA WAPI?

Kuna njia tatu rahisi za kugundua milango ya panya, na hazihitaji pesa.

Ya kwanza ni mwanga. Panda darini saa sita mchana jua likiwa kali, zima taa, ziba dirisha kwa blanketi, kisha ukae kimya kwa dakika chache mpaka macho yazoee giza. Kila mwanya utaonekana kama nyota. Mimi nilihesabu nyota 31 kwenye paa letu, nami nilidhani nimeziba kila kitu!

Ya pili ni unga. Nyunyiza unga kidogo sakafuni karibu na kuta kabla ya kulala. Asubuhi utaona nyayo zimetoka wapi na zimeelekea wapi.

Ya tatu ni alama. Panya akipita njia moja kila siku, manyoya yake huacha mafuta na uchafu mweusi kwenye ukuta au boriti. Ukiona mstari mweusi kando ya mwanya, hapo ndipo lango kuu.

Kwetu tuligundua milango hii. Kwanza, mahali bati linapolalia ukuta. Bati lina mikunjo ya juu na chini, na kila mkunjo wa juu ni kama handaki dogo linaloingia ndani ya nyumba. Pili, nyuma ya ule ubao wa ukingoni ambao mafundi huuita fesha bodi, uliokuwa umeoza kwa maji ya mvua. Tatu, mahali bomba la maji linapopenya ukuta. Nne, yale matundu ya hewa. Tano, chini ya mlango wa nyuma. Isitoshe, mwavokado wa jirani ulikuwa umelalia paa letu kwa tawi moja nene. Panya mweusi akiona tawi kama hilo huona daraja. Nyuma yetu kuna shamba la nyasi za napia na mahindi kidogo, kama ilivyo sehemu nyingi za Dagoretti. Mahindi yakivunwa na baridi ikiingia, panya hutafuta mahali penye joto, na darini kwetu ni jirani tu.

KUSHIKA NYUNDO

Jumamosi iliyofuata baba alinituma mjini, kwa kuwa vifaa vilikuwa nafuu huko kuliko mtaani. Nilipanda matatu namba 46, nikatembea maduka ya vyuma mpaka nikapata tulivyoagizwa na mzee. Vilikuwa wavu wa waya usioshika kutu, ule ambao wakulima wa kahawa huutumia kuanikia, misumari midogo, na waya laini wa kusugulia sufuria. Kabla ya kulipa nilitoa kalamu yangu ya risasi nikajaribu kuipitisha kwenye wavu. Haikupita. Mwenye duka alinishangaa. Simiti hatukununua mfuko mzima. Tulinunua kwa kilo dukani mtaani, na mchanga tukaomba kwa jirani anayejenga.

Msomaji, kumbuka kuwa tambara, gazeti, nailoni, sponji na mbao laini hazimzuii panya. Humchelewesha usiku mmoja tu. Vitu vinavyomzuia ni chuma, simiti, mawe na kioo.

Kazi yenyewe ilifuata mpangilio huu:

Kwanza, tulikata tawi la mwavokado mpaka likawa mbali na paa kiasi cha mita moja na zaidi. Jirani aliombwa ruhusa, wala hakukataa.

Pili, tulianza nje kabla ya ndani. Baba alibadilisha kipande cha fesha bodi kilichooza. Ubao ukioza ni kama mkate kwa panya.

Tatu, tulishughulikia mikunjo ya mabati. Mzee alikata wavu vipande virefu, akavikunja kufuata umbo la bati, akavipigilia kwenye ubao ulio juu ya ukuta. Kisha alikoroga simiti sehemu moja na mchanga sehemu tatu, mkorogo mzito usiodondoka, akaujaza na kuukandamiza kwenye kila mkunjo. Wavu ndani ya simiti hufanya kazi kama mfupa ndani ya nyama: simiti ikipata ufa, panya bado hukuta chuma.

Nne, kando ya bomba tulikandamiza waya wa kusugulia sufuria kwa nguvu, kisha tukapaka simiti juu yake. Panya akitafuna waya ule unamchoma mdomo. Lakini sikiliza vizuri. Mahali nyaya za stima zinapopita usiweke waya wala chuma chochote, maana unaweza kuunguza nyumba au kupigwa na stima. Hapo mwache fundi wa stima.

Tano, tulifika kwenye matundu ya hewa. Mzee alinikabidhi nyundo. "Haya, wewe ndiye uliyeziba, wewe ndiye utakayezibua." Nilitoa matambara yote. Tulitengeneza fremu ndogo za mbao, tukanyoosha wavu juu yake na kuzipigilia kwa upande wa nje wa ukuta. Upepo ukaingia usoni mwangu palepale. Hapo ndipo nilipoelewa neno la mzee kuhusu pua. Tundu la hewa halizibwi, huwekewa wavu. Kila miezi michache lipigwe mswaki, kwa sababu vumbi na utando wa buibui nao huziba hewa polepole.

Sita, tulipigilia ukanda wa bati chini ya mlango wa nyuma hadi kalamu ikashindwa kupita.

Sasa kuna siri ambayo mzee alituonya tusiikose. Usizibe tundu la mwisho siku ya kwanza! Ukifunga yote kwa pamoja unawafungia wale walio ndani. Watatafuna njia ya kutokea, au watafia humo kama wale wa sumu. Tuliacha lango kuu moja, lile lenye alama nyeusi, na tukaweka mitego mitano darini kando ya kuta, mdomo wa mtego ukielekea ukutani. Chambo kilikuwa siagi ya njugu karanga, kiasi cha punje ya harage tu, kwani chambo kikiwa kikubwa panya hukila pembeni bila kufyatua mtego. Tuliweka na mmoja wenye kichwa cha omena. Tulinasa saba katika siku tisa. Unga tulionyunyiza ukakaa siku tatu bila unyayo hata mmoja. Ndipo tukaziba lango la mwisho.

KUFAGIA NAKO KUNA ELIMU YAKE

Usikimbilie ufagio. Vinyesi na mkojo wa panya vikikauka huwa vumbi, na vumbi hilo ukilivuta linaweza kukuletea maradhi. Fungua madirisha, funika pua na mdomo, vaa glavu au hata karatasi za nailoni mikononi. Changanya Jik kikombe kimoja na maji vikombe tisa, nyunyizia uchafu wote, ngoja dakika tano, kisha ufute kwa tambara na utupe. Mwishoni nawa kwa sabuni.

Haya si mambo ya kutisha watoto. Mwezi wa Julai mwaka 2022, mkoani Lindi katika nchi jirani ya Tanzania, palizuka ugonjwa uliowaua watu. Ulipochunguzwa ulipatikana kuwa leptospirosisi, nao ukaitwa homa ya mgunda. Vijidudu vya ugonjwa huo hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwemo.

Hata jiji letu la Nairobi lina kumbukumbu yake. Mwalimu wetu wa Historia aliposikia naandika makala haya alinikumbusha kuwa reli ilifika hapa mwaka 1899, na katika mwaka 1902 tauni ikazuka katika soko la Wahindi. Tauni huletwa na kiroboto anayetoka kwa panya aliyeambukizwa. Daktari Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa amelionyesha jambo hilo huko Karachi mwaka 1898, ingawa wengi walichelewa kumkubali. Wakuu wa serikali ya kikoloni waliamuru soko lote lichomwe moto. Nyumba na maduka yaliteketea. Lakini panya hakuisha, na tauni ilirudi tena katika miaka iliyofuata. Profesa W. J. Simpson aliyezuru mwaka 1913 alipendekeza watu wa rangi mbalimbali watengwe katika makazi yao. Mimi nilijiuliza, mbona ilikuwa rahisi kuwatenga watu kuliko kuwajengea watu wote nyumba ambazo panya hapiti na mitaa ambayo takataka huzolewa? Swali hilo nawaachia wenzangu wa chama cha mjadala.

PALIPOBAKI

Sitaki kukudanganya kuwa kwetu sasa ni peponi. Mwezi wa Oktoba panya mmoja alirudi. Tulimtafuta alikopita tukakuta simiti ya kona moja imepata ufa. Tulipaka upya siku hiyohiyo, tukamnasa usiku wake. Kwa hiyo nimejiwekea desturi kila mwisho wa mwezi kupanda na kalamu yangu ya risasi, kuzima taa na kuhesabu nyota. Aidha, hatuli tena darini, unga na mahindi hukaa kwenye ndoo zenye vifuniko, na takataka hazilali ndani. Panya asiyepata chakula haoni sababu ya kuhangaika na ukuta.

Najua wengi wenu mnaishi nyumba za kupanga huko Kawangware, Kangemi na Kibera, na ukuta si wenu. Zungumzeni na mwenye nyumba kwa heshima, tena mwambieni kwamba waya uliotafunwa unaweza kuchoma nyumba yake. Na kama kuta ni za mabati matupu, wavu na vipande vya bati vitasaidia palipo wazi. Majirani nao washirikishwe, kwa maana ukiziba chumba chako peke yako panya anahamia kwa mwenzako, na kesho atakuja kukusalimia.

Ndugu yangu mdogo hana habari ya himoglobini wala kaboni monoksaidi. Yeye hujua tu kwamba siku hizi halisikii tena kwaru kwaru, na kwamba kabla ya kulala mimi huinua mkono wangu kwenye tundu la hewa kuhakikisha upepo unapita. Huwa ananiuliza natafuta nini. Namwambia nasalimiana na upepo.

Mpenzi msomaji, ziba ufa usije ukajenga ukuta, lakini kabla ya kuziba jiulize kwanza ni ufa wa nani. Wa panya uzibe kwa chuma na simiti. Wako wewe, ule unaokuletea pumzi, uwekee wavu na uuache wazi. Kwaheri ya kuonana mwaka ujao, Mungu akipenda.